Sisti za Figo Kwenye CT ya Kontrasti: Mwongozo Kamili wa Kupiga, Kupima na Kusoma

Sisti nyingi za figo hugunduliwa bila kutafutwa. Mgonjwa kaletwa kwa maumivu ya tumbo au ajali ya bodaboda, CT (picha za mionzi za vipande vya mwili) imepigwa, na pembeni mwa figo kumeonekana duara jeusi. Kwa mtu aliyevuka miaka 50 jambo hilo ni la kawaida kabisa, na mara nyingi duara hilo ni mfuko wa maji usio na madhara yoyote. Ila saratani ya figo nayo huweza kujificha ndani ya mfuko wa maji, na kwa macho matupu ya haraka haraka vitu hivi viwili hufanana.

Kinachovitenganisha ni damu. Tishu iliyo hai hulishwa na mishipa ya damu, na kontrasti, dawa yenye ayodini inayodungwa mshipani, husafiri ndani ya damu. Mahali panapopata damu pataongezeka weupe baada ya dawa kuingia; maji yatabaki vilevile. Kwa hiyo kazi nzima ya kusoma sisti inasimama juu ya hesabu moja ya kutoa: kipimo cha baada ya kontrasti, toa kipimo cha kabla. Asiye na picha ya kabla hana hesabu ya kufanya, ana makisio tu. Mwongozo huu umeandikwa kwa wataalamu wa mionzi wanaopiga picha, madaktari wanaoanza kuzisoma, na wale wanaoandika fomu ya kumpeleka mgonjwa kipimo.

Namba unazopaswa kuwa nazo kichwani

CT hupima ukolevu wa tishu kwa vizio vya Hounsfield, HU kwa kifupi. Maji ni 0, hewa ni −1000. Mafuta ya mwilini hukaa karibu na −100. Nyama ya figo kabla ya kontrasti huwa kati ya 30 na 40, na baada ya kontrasti, ikifikia awamu ya nefrografia (karibu dakika mbili tangu sindano), hupanda kupita 100 na mara nyingi kufika 150 au zaidi. Maji ya sisti ya kawaida husoma kati ya −9 na 20. Damu iliyoganda ndani ya sisti hupanda hadi 50, 70, hata 90, na ndiyo maana sisti iliyowahi kuvuja damu huonekana nyeupe kuliko figo kwenye picha isiyo na kontrasti. Weupe huo pekee si saratani.

Namba hizi zina maana pale tu mashine inaposema kweli. Chombo cha maji cha kupimia mashine kisome 0, na tofauti isizidi HU 5 juu au chini. Kama kipimo hicho hakijafanyika kwa wiki kadhaa, kifanye kabla ya kuanza kubishana juu ya HU 12 za sisti ya mtu.

Maandalizi ya mgonjwa

Anza na fomu. Kama swali ni «uvimbe wa figo ulioonekana kwenye ultrasaundi», kipimo kinachohitajika ni CT ya figo yenye awamu mbili, kabla na baada ya kontrasti. Kama fomu inasema «CT ya tumbo» bila neno zaidi, mpigie aliyeiandika. Dakika mbili za simu zinaweza kumwokoa mgonjwa asilipie kipimo kimoja mara mbili.

Uliza kama aliwahi kupata vipele, kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya sindano ya kontrasti. Uliza ujauzito. Uliza ugonjwa wa tezi la shingo, hasa tezi inayofanya kazi kupita kiasi, kwa kuwa ayodini huweza kuuchochea. Pata kreatinini ya damu na ukokotoe eGFR, kadirio la kasi ya figo kuchuja damu. Ikiwa 30 au zaidi na figo hazijaumia ghafla, kontrasti inaweza kutolewa bila wasiwasi mkubwa. Ikiwa chini ya 30, zungumza na daktari anayemtibu: pima faida, mwongezee maji ya mshipani kama moyo wake unaruhusu, au tafuta njia nyingine kama MRI (picha za sumaku). Mgonjwa wa kisukari anayetumia metformini ana la kufanya pale tu eGFR iko chini ya 30 au figo zimeumia ghafla: asimamishe dawa siku ya kipimo na asirudie hadi saa 48 zipite na figo zipimwe tena.

Hakuna ulazima wa kumlaza mtu na njaa usiku kucha kwa kontrasti za kisasa. Anywe maji. Kontrasti ya kunywa kwa ajili ya utumbo haihitajiki hapa, tena weupe wake hutupa mistari juu ya figo.

Weka kanula ya namba 18 au 20 kwenye mshipa wa kiwiko, ijaribu kwa maji ya chumvi kabla ya dawa. Adrenalini iwe chumbani, si stoo: kwa mtu mzima aliyepata mzio mkali ni miligramu 0.5, yaani mililita 0.5 ya ile ya 1:1000, kwenye msuli wa paja. Mgonjwa abaki mahali anapoonekana kwa dakika 30 baada ya sindano.

Kupiga: awamu mbili zinatosha

Mlaze chali, mikono juu ya kichwa. Mikono ikibaki ubavuni hutupa mistari ya kijivu katikati ya figo, na mistari hiyo hupandisha au kushusha HU za sisti kwa kiasi cha kukupotosha. Mfundishe kuvuta pumzi na kuishika kwa namna ileile kila mara, maana figo hupanda na kushuka pamoja na pumzi.

Picha ya kwanza, bila kontrasti, ianzie juu kidogo ya figo na kuishia usawa wa mfupa wa nyonga. Hakuna haja ya kuongeza mionzi hadi chini kabisa ya fupanyonga. Unene wa vipande uwe milimita 3 au pungufu. Sisti ndogo itahitaji vipande vya milimita 1 hadi 1.5, navyo hutengenezwa kutoka data ileile bila kumpiga mgonjwa upya.

Kisha kontrasti. Kipimo cha kawaida ni mililita 1.5 kwa kila kilo ya uzito, kwa dawa yenye miligramu 300 hadi 370 za ayodini kwa mililita. Mtu wa kilo 70 atapata mililita 105. Kwa pampu, mwendo wa mililita 3 kwa sekunde unafaa, ukifuatiwa na mililita 30 hadi 40 za maji ya chumvi ili dawa isibaki kwenye mrija na mshipa wa mkono. Palipo na pampu mbovu, wengi husukuma kwa mkono. Kwa swali la sisti hilo linavumilika, kwa kuwa awamu tunayoitegemea huja baadaye, dawa ikiwa imeshasambaa. Hesabu muda tangu sindano inapoanza, na usubiri kamili.

Awamu tunayoitegemea ni ya nefrografia, sekunde 100 hadi 120 tangu kuanza kusukuma. Hapo gamba la figo (sehemu ya nje) na medula (sehemu ya ndani) huwa na weupe mmoja, na kitu chochote kisicho figo hujitokeza. Picha ya sekunde 30 hadi 40, ambapo gamba linawaka na medula bado nyeusi, humsaidia daktari wa upasuaji kuona ateri, lakini kwa sisti ni mtego: uvimbe mdogo ulio ndani ya medula huzama kwenye weusi wa medula usionekane, na medula ya kawaida hudhaniwa kuwa sisti. Kama swali ni sisti tu, iache. Picha ya tatu, ya dakika 5 hadi 10 wakati mkojo wenye kontrasti umeshaingia kwenye pelvisi ya figo (chumba cha kukusanyia mkojo), ipigwe pale tu unaposhuku kwamba unachokiona ni sehemu ya njia ya mkojo.

Jambo moja linalosahaulika sana: kilovolti (nguvu ya mionzi) zifungwe. Mashine nyingi za siku hizi hujichagulia kilovolti zenyewe kulingana na unene wa mtu. Ikipiga picha ya kwanza kwa 120 na ya pili kwa 100, ayodini itang'aa zaidi kwenye ya pili na ile hesabu ya kutoa itakuwa imevurugika. Weka 120 kwa zote mbili, unene wa vipande uleule, na namna ileile ya kutengeneza picha.

Kupima

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo tuende polepole.

Kabla hujagusa sisti, hakikisha kontrasti imefika. Pima nyama ya figo kabla na baada. Kama ilikuwa 34 na sasa ni 150, endelea. Kama ilikuwa 34 na sasa ni 60, kuna tatizo: dawa imemwagika chini ya ngozi, moyo unasukuma kwa udhaifu, au figo hiyo imeziba. Sisti ambayo «haikuchukua kontrasti» ndani ya figo ambayo nayo haikuchukua haijathibitishwa chochote. Tazama pia kama gamba bado limeizidi medula kwa weupe. Ikiwa ndivyo, picha imewahi, na kwa mzee mwenye moyo dhaifu ungesubiri sekunde 30 zaidi.

Sasa fungua picha zote mbili sambamba. Tafuta sisti kwa alama za mwilini, kwa mfano mshipa unaoingia figo, ncha ya chini ya figo, au jiwe dogo lililo jirani. Usifuate namba ya kipande, kwa sababu pumzi imeshaihamisha figo. Chagua kipande kinachopita katikati ya sisti, si kile cha kwanza wala cha mwisho kinapoonekana. Weka duara la kupimia lijaze kama theluthi mbili ya sisti, likae mbali na ukuta, mbali na chokaa (kalisi iliyoganda) na mbali na septa, zile kuta nyembamba zinazoigawa sisti ndani. Nakili duara hilohilo, ukubwa uleule, ulipeleke kwenye picha ya pili.

Soma wastani, halafu soma na namba ya pili inayoonyeshwa pembeni yake, ile ya mtawanyiko. Wastani wa 18 wenye mtawanyiko wa 9 unaaminika. Wastani wa 18 wenye mtawanyiko wa 35 kwenye duara la milimita 4 ni kelele za picha. Ongeza duara, au tengeneza vipande vinene kidogo, upime tena mara mbili au tatu.

Ukiwa na mashaka na mashine yenyewe, pima nyongo ndani ya kibofu cha nyongo, kabla na baada. Nyongo haina sababu ya kuchukua kontrasti ndani ya dakika mbili. Ikipanda kwa HU 10, basi na HU 10 za sisti yako zimetoka hukohuko.

Tafsiri ya tofauti ni hii: chini ya HU 10, hakuna kuchukua kontrasti. HU 20 au zaidi, imechukua. Kati ya 10 na 20 ni eneo la shaka, na shaka iandikwe kama shaka.

Chukua mifano minne ya uvimbe wa sentimita 2.8 wenye rangi moja. Wa kwanza umesoma 8 kabla na 11 baada: tofauti ni 3, maji matupu. Wa pili ni 78 kabla na 80 baada: mweupe tangu mwanzo, lakini haukuchukua kitu, ni sisti yenye damu ya zamani au protini nyingi. Wa tatu ni 36 kabla na 52 baada. Tofauti ya 16. Huyu ndiye wa kuogopwa, maana saratani ya figo ya aina ya papilari huchukua kontrasti kwa uchoyo namna hii na huweza kuonekana laini na tulivu kama sisti. Mpeleke MRI, au ultrasaundi nzuri itakayoonyesha wazi kama ndani ni maji au nyama. Wa nne ni 33 kabla na 95 baada. Huyo si sisti hata kidogo. Ni nyama, na madaraja ya sisti hayamhusu.

Kabla ya kumaliza, badilisha dirisha, yaani upeo wa HU unaoonyeshwa kwenye skrini. Dirisha la kawaida la tumbo, upana 400 na kitovu 40, huficha septa nyembamba. Punguza upana hadi 200 hivi uzungushe macho kwenye ukuta wote, kisha urudie kwenye mkao wa wima na wa ubavuni. Nundu ndogo iliyo kwenye paa la sisti haionekani kwenye mkao wa mlalo. Inaonekana ukiikata sisti kwa wima.

Madaraja ya Bosniak

Mwaka 1986 daktari wa mionzi Morton Bosniak wa New York alipendekeza madaraja ya kupanga sisti kwa namna zinavyoonekana kwenye CT. Yaliboreshwa baadaye, na toleo la 2019 ndilo linalopaswa kutumika sasa, kwa kuwa limeweka milimita mahali palipokuwa na maneno kama «nene kidogo».

Daraja la I ni sisti yenye mpaka safi, ukuta laini usiozidi milimita 2, maji ya kati ya −9 na 20, bila septa wala chokaa. Ukuta wenyewe unaruhusiwa kuchukua kontrasti. Haina hatari ya saratani.

Daraja la II linakusanya sisti za namna kadhaa, zote zenye ukuta laini usiozidi milimita 2. Yenye septa moja hadi tatu nyembamba imo, hata kama zinachukua kontrasti. Yenye chokaa imo, chokaa ya aina yoyote. Yenye rangi moja na HU 70 au zaidi kabla ya kontrasti imo, na ile iliyozidi 20 lakini haichukui kontrasti kwenye kipimo kamili cha figo nayo imo. Hata kidoa cheusi chenye rangi moja kilicho kidogo mno kupimika huwekwa hapa.

Daraja la IIF, ambapo F ni kwa ajili ya kufuatilia, ni pale ukuta au septa inayochukua kontrasti imefika milimita 3, ikiwa bado laini, au septa nyembamba zimefika nne na kuendelea. Nyingi ya hizi si saratani. Wanaokutwa na saratani ni wachache, chini sana ya nusu.

Daraja la III ni ukuta au septa inayochukua kontrasti iliyofika milimita 4, au iliyopoteza ulaini wake: ina vibonge vya milimita 3 au pungufu vyenye mabega mapana, yaani vinavyoinuka taratibu kutoka ukutani. Karibu nusu ya hizi, zikikatwa na kuchunguzwa maabara, huwa saratani.

Daraja la IV ni nundu inayochukua kontrasti. Kama nundu imeinuka milimita 4 au zaidi, hata ikiwa na mabega mapana, ni IV. Kama mabega yake ni makali, yaani nundu imejitenga na ukuta kama uyoga kwenye gogo, ni IV kwa ukubwa wowote ule. Takriban tisa kati ya kumi ni saratani.

Sheria mbili za kuambatana na madaraja haya. Kwanza, hayahusu uvimbe ambao robo yake au zaidi ni nyama inayochukua kontrasti. Huo ni uvimbe mgumu uliooza katikati. Pili, hayahusu majipu, mishipa ya damu iliyotutumka, wala figo zenye ugonjwa wa kurithi wa sisti nyingi. Ukiona sisti yenye sifa za madaraja mawili, ipe la juu.

Ukubwa haumo kwenye madaraja. Sisti ya sentimita 11 yenye maji safi ni daraja la I, na ya sentimita 2 yenye nundu ni daraja la IV. Wagonjwa wengi hutishwa na sentimita, na wengine wamefanyiwa upasuaji kwa ajili ya sentimita peke yake.

Yanayokosewa, na sababu zake

Sisti ndogo iliyozungukwa na figo inayowaka huweza kuonekana imepanda HU 10 hadi 20 wakati haijachukua kitu. Hesabu za mashine za kusahihisha mionzi ndizo zinazoikosea, na tatizo huwa kubwa zaidi chini ya sentimita 1.5, sisti ikiwa imezama ndani kabisa ya figo. Iliyochungulia nje ya figo haisumbuki hivyo. Ukikutana na sisti ya milimita 12 iliyozama, kutoka 9 hadi 24, usikimbilie kuiita nyama. Ultrasaundi au MRI itamaliza ubishi.

Kipande kinene hubeba nusu ya sisti na nusu ya figo, na namba inayotoka ni ya mchanganyiko. Kanuni ni kwamba unene wa kipande usizidi nusu ya kipenyo cha unachokipima. Kwa sisti ya milimita 6, kipande cha milimita 5 hakikuambii lolote.

Chokaa nyingi na nene huficha septa na nundu zilizo nyuma yake. Hapo CT imefika mwisho wake, na MRI ndiyo inayoona ndani.

Mafuta nayo hubadili hukumu. Duara likisoma chini ya −20 mahali popote ndani ya uvimbe, bila chokaa, fikiria anjiomayolipoma, uvimbe usio saratani wenye mafuta na mishipa. Pima kwenye picha isiyo na kontrasti, kwa duara dogo, juu ya sehemu nyeusi zaidi.

Vinavyofanana na sisti

Sisti zilizo karibu na pelvisi ya figo hufanana mno na figo iliyojaa mkojo kwa kuziba. Kwenye ultrasaundi hukosewa kila mara. Picha ya dakika 5 hadi 10 hutoa jibu: mkojo wenye kontrasti ukipita katikati ya mifuko hiyo bila kuingia, ni sisti, ukiingia na kuijaza, ni njia ya mkojo iliyotanuka. Mfuko mdogo unaojaa taratibu huku kontrasti ikitua chini yake ni kijishimo cha kaliksi (kikombe kinachopokea mkojo ndani ya figo), si sisti.

Kifua kikuu cha figo kisisahaulike katika nchi zetu. Shingo za kaliksi husinyaa kwa makovu, kaliksi zikajaa nyuma yake, na kwenye CT utaona mifuko ya maji imejipanga kuzunguka figo, pelvisi ikiwa ndogo na imekunjamana. Gamba huwa limekonda, na mara nyingi kuna chokaa. Mifuko inayofuata mpangilio wa kaliksi si sisti. Agiza vipimo vya mkojo vya TB.

Sisti ya tegu wa mbwa ni habari nyingine. Kwa Waturkana wa kaskazini mwa Kenya na jamii nyingine za wafugaji wa Afrika Mashariki ugonjwa huu upo wa kutosha, ingawa hupenda ini na mapafu kuliko figo. Dalili zake kwenye CT ni ukuta wenye chokaa iliyopinda, na sisti ndogo ndogo za watoto zilizojipanga ndani ya ile kubwa. Madaraja ya Bosniak yatakupeleka III au IV bila sababu. Ukishuku tegu, usikubali mtu achome sindano kunyonya maji kwa haraka: maji hayo yakimwagika tumboni huweza kuleta mzio wa kuua.

Jipu la figo lina ukuta mnene unaowaka, mafuta ya pembeni yamechafuka, na mgonjwa ana homa. Historia hapa ina uzito kuliko milimita. Uvimbe wa ateri ya figo nao huonekana wa duara na mpaka safi, na kwenye picha ya sekunde 70 utaonekana mweupe sawasawa na aota, ateri kuu ya mwili. Linganisha na aota kabla ya mtu yeyote kufikiria kuuchoma sindano.

Figo zote mbili zikiwa kubwa, zimejaa sisti zisizohesabika, na ini lina sisti pia, uliza habari za wazazi na ndugu: huenda ni ugonjwa wa kurithi wa sisti nyingi. Humo utakuta sisti nyeupe nyingi zilizovuja damu. Kontrasti si ya lazima kwa mgonjwa huyu, na eGFR yake huenda tayari iko chini. Mwanafamilia anayetaka kujua hali yake aanze na ultrasaundi.

Ukiletewa picha moja tu ya kontrasti

Hii ndiyo hali ya kila siku: CT ya tumbo imepigwa kwa sekunde 70, hakuna picha ya kabla, na kuna kidoa kwenye figo. Kikiwa na rangi moja na kipo kati ya −9 na 20, ni sisti. Kikiwa na rangi moja kati ya 21 na 30, toleo la 2019 linakiruhusu kuwa daraja la II. Kikizidi 30, au rangi yake si moja, huwezi kujua kama ni sisti yenye damu au nyama.

Kama mgonjwa bado yuko mezani, usimwachie ashuke. Subiri hadi dakika 15 zipite tangu sindano, upige figo tena bila kuongeza dawa, kilovolti zilezile. Tishu yenye damu itakuwa imeanza kumwaga kontrasti. Uvimbe ukishuka kwa HU 15 au zaidi, tuseme kutoka 64 hadi 43, una mishipa ya damu na ni nyama. Ukibaki palepale, 64 na sasa 62, kuna uwezekano mkubwa ni sisti yenye damu. Kama ameshaondoka, ultrasaundi ndiyo hatua ya bei nafuu ya kwanza. Ikionyesha maji meusi safi yenye ukuta mwembamba, kazi imekwisha. Isipotosha, arudi siku nyingine kwa CT ya figo ya awamu mbili.

Ripoti na baada yake

Andika figo ipi, sehemu ipi, na ukubwa kwa milimita katika mielekeo mitatu. Andika HU kabla, HU baada, na tofauti yake. Andika unene wa ukuta na wa septa iliyo nene zaidi, idadi ya septa, kama kuna chokaa, kama kuna nundu na mabega yake yakoje. Kisha daraja, na toleo lililotumika. «Sisti ya figo, angalia kitaalamu» si ripoti. Daktari wa wilayani hawezi kuifanyia kazi.

Kwa daraja la I na la II, andika waziwazi kwamba ufuatiliaji hauhitajiki. Sentensi hiyo ina thamani ya fedha nyingi kwa familia, maana isipoandikwa, mgonjwa atazungushwa na ultrasaundi kila mwaka. Kwa IIF, picha ya miezi 6, ya miezi 12, kisha kila mwaka hadi miaka 5 itimie. Unachotafuta ni ukuta kunenepa au nundu kuota. Kukua kwa sisti peke yake hakuibadilishi daraja. Kwa III na IV, mpeleke kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo. Si kila mmoja atapasuliwa: kwa mzee mwenye magonjwa mengine, kuifuatilia kwa karibu ni njia halali, maana saratani nyingi za namna hii hukua taratibu.

Mpe mgonjwa picha zenyewe kwenye CD au flashi, katika DICOM (mfumo wa faili za picha za hospitali), awamu zote mbili pamoja na vipande vyembamba. Filamu iliyochapishwa haipimiki HU, na atakayemlinganisha baada ya miezi sita, huenda katika hospitali nyingine kabisa, atahitaji kuweka duara lake palepale ulipoweka lako.